Mwongozo kamili: kujenga uwanja wa mitambo ya ujenzi ya rimoti nyuma ya nyumba

Malalamiko ni yale yale. Mtu ananunua ekskaveta na tipa za rimoti, anamwaga mchanga nyuma ya nyumba, anacheza kwa raha siku chache, kisha mambo yanaharibika. Mvua ikinyesha, uwanja unageuka dimbwi. Jua likiwaka, mchanga unakuwa laini kiasi kwamba tipa inazama hadi ekseli. Cheni zinaanza kusaga, na baada ya muda mfupi udongo wote umehamia upande mmoja na hakuna kazi tena ya kufanya.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: mjenzi ameanza na mchanga. Anza na vipimo vya mashine zako, kisha njia ya maji kutoka. Mchanga na udongo vinakuja baadaye sana, kwenye hatua ya saba. Ukifuata mpangilio huu bila kuruka hatua, utapata uwanja unaofanya kazi mwaka mzima.

Vipimo vyote hapa ni vya mashine za skeli ya 1:14 (sentimita 1 ya mashine ni sentimita 14 za ile ya kweli), ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwa malori na mitambo ya aina hii. Kama zako ni ndogo au kubwa zaidi, hatua ya kwanza itakuonyesha namna ya kukokotoa vya kwako.

## Vitu vya kuandaa

Orodha hii ni ya uwanja wa mita 3 kwa 4. Ukubwa huo unatosha mashine tatu au nne kufanya kazi pamoja. Chini ya mita 2 kwa 3 sishauri, kwa sababu tipa itakosa nafasi ya kugeuka.

Vya kujengea:

- Mbao nene za sentimita 4 au 5, zenye kimo cha sentimita 25 hivi, mita 14 kwa jumla. Matofali au mawe ya ukingo wa barabara nayo yanafaa.
- Kokoto za milimita 10 hadi 20, mita 1 ya ujazo.
- Kitambaa cha jiotekstaili (kinachopitisha maji na kuzuia udongo) cha kutandika mara mbili, yaani mita 30 za mraba ukihesabu na mapishano.
- Bomba la plastiki lenye matundu, kipenyo cha sentimita 5 hadi 10, mita 5 au zaidi kulingana na mahali maji yatakapotokea.
- Vumbi la mawe kutoka kwenye mashine ya kusaga kokoto, lenye chembe za kuanzia unga hadi milimita 5, theluthi moja ya mita ya ujazo.
- Udongo wa kuchimba, mita 1.5 za ujazo. Aina yake tutaijadili kwa kirefu.
- Turubai kubwa kuliko uwanja, pamoja na fito mbili au tatu za kulibeba.

Vya kufanyia kazi: jembe, sururu, beleshi, toroli, tepu, kamba, vigingi, pimamaji, kishindilio cha mkono, chekecheke la matundu ya milimita 5, ndoo, na chupa ya kioo yenye kifuniko. Ongeza glavu, miwani na barakoa ya kuzuia vumbi laini. Usiichukulie barakoa kama pambo. Vumbi la mchanga na la mawe lina silika, na silika ikivutwa mara kwa mara huharibu mapafu kabisa.

Neno moja kuhusu uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu ina kati ya tani 1.5 na 1.9. Kwa hiyo uwanja wa juu ya meza, ambao wengi huutamani ili wasiiname, unahitaji miguu na nguzo za kubeba tani kadhaa. Jenga chini, juu ya ardhi, kisha weka kiti kizuri pembeni.

## Hatua ya 1: Pima mashine kabla ya kupima uwanja

Chukua mashine yako kubwa kuliko zote na ile dhaifu kuliko zote. Uwanja utajengwa kwa ajili ya hizo mbili, na zilizobaki zitaingia humo humo.

Upana wa barabara. Kwenye machimbo ya kweli, barabara ya njia moja huwa na upana wa mara mbili ya gari, na ya kupishana mara tatu na nusu. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri kwenye skeli pia. Lori halisi lenye upana wa mita 2.5 likigawanywa kwa 14 linakuwa na sentimita 18. Basi njia moja iwe sentimita 40, na ya kupishana 65.

Kona. Usikokotoe, jaribu. Weka tipa kwenye sakafu, kata usukani wote, izungushe na upime duara la tairi la nje. Ongeza moja ya tano ya kipimo hicho, kwa sababu kwenye udongo tairi za mbele huteleza na duara hupanuka.

Mteremko. Chukua ubao mrefu, umwagie udongo mkavu kidogo, weka tipa yenye mzigo juu yake na uinue upande mmoja taratibu hadi tairi zianze kuteleza. Pima kimo, kisha tumia nusu yake tu uwanjani. Kwa mashine nyingi utaangukia karibu na asilimia 10, yaani sentimita 10 za kupanda kwa kila mita 1 ya mwendo. Machimbo ya kweli nayo hukaa kwenye asilimia 8 hadi 10.

Uzito wa mzigo. Hapa ndipo watu wanaua giaboksi. Urefu hugawanywa kwa 14, lakini ujazo hugawanywa kwa 14 mara tatu, yaani kwa 2,744. Baketi halisi ya mita 1 ya ujazo kwenye skeli hii hubeba theluthi moja ya lita na kidogo zaidi. Tipa ya mita 10 za ujazo hubeba lita 3.6, na udongo wa kiasi hicho una kilo 5 na ushei. Mashine ya chuma itavumilia. Ya plastiki haitavumilia, kwa hiyo ijaze nusu.

Andika namba zote kwenye karatasi moja. Hatua zilizobaki zitakurudisha kwenye karatasi hiyo kila mara.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Kaa mbali na mti mkubwa. Mizizi itakuzuia kuchimba, na majani yakioza yatabadilisha udongo wako kuwa tope jeusi linalonata. Kaa walau mita moja kutoka ukuta wa nyumba ili maji yasielekee kwenye msingi.

Kabla ya kupiga sururu, hakikisha hakuna bomba la maji, la maji taka wala waya wa umeme chini. Kama huna uhakika, uliza aliyejenga nyumba au sogea mahali pengine.

Kisha simama pale utakapoendeshea wakati ule wa siku ambao kwa kawaida unacheza. Jua liwe mgongoni kwako. Likikupiga usoni hutaona meno ya baketi, na kuchimba bila kuyaona meno ni kubahatisha tu.

## Hatua ya 3: Chora mzunguko wa kazi kwa kamba

Hatua hii haitumii hata beleshi moja la udongo, lakini ndiyo inayoamua kama uwanja utaendelea kupendeza au utaachwa. Ipe jioni nzima.

Uwanja mzuri una kazi inayozunguka. Udongo unachimbwa mahali A, unabebwa hadi B, unachekechwa au kumwagwa, kisha kuna njia ya kuurudisha A kwa mashine zile zile. Uwanja ambao udongo unateremka tu bila njia ya kurudi utakulazimisha kushika beleshi la mkono kila baada ya mchezo, na hiyo ni adhabu.

Kwa uwanja wa mita 3 kwa 4, mpangilio unaonifurahisha zaidi ni huu:

Kwenye kona moja weka machimbo, yaani lundo au ukuta wa udongo wenye kimo cha sentimita 30 hadi 40, na mbele yake jukwaa bapa la ekskaveta. Barabara ya njia moja inatoka hapo, inafuata ukingo wa uwanja na kupanda taratibu hadi jukwaa la juu kwenye kona ya mkabala. Hapo tipa inarudi nyuma na kumwaga kwenye hopa, yaani sanduku lenye umbo la faneli. Chini ya hopa udongo unaangukia kwenye yadi, na kijiko cha magurudumu kinaukusanya kuwa lundo. Kutoka yadi, barabara ya pili inarudi machimboni, na buldoza inasukuma udongo uliorudishwa ukutani.

Jukwaa la ekskaveta lazima liwe bapa kabisa. Mashine ikizungusha boomu (mkono wake mrefu) lenye mzigo ikiwa imeinama, mota ya kuzungushia hupigana na uzito kwa kila mzunguko, na upande wa chini mashine inaweza kupinduka. Upana wa jukwaa uwe walau umbali kutoka katikati ya mashine hadi mkia wake, mara tatu.

Tandaza kamba ardhini kufuata mzunguko wote, upana kamili, kona zote. Kisha iendeshe tipa kati ya kamba, kwenye ardhi tupu. Pale inapokanyaga kamba, kona ni ndogo: panua sasa, wakati haikugharimu chochote.

Jambo moja husahaulika: mkono wako. Mtu mzima akipiga magoti hufikia sentimita 70 hivi bila kuanguka mbele. Uwanja wa mita 3 utakuwa na eneo la kati lisilofikika, na mashine hupenda kupinduka hapo hapo. Panga mawe mawili au matatu bapa ya kukanyagia, yafanane na miamba iliyoachwa na wachimbaji, na barabara zipite kando yake.

*Umefaulu ikiwa* tipa imezunguka mara tatu mfululizo kutoka machimboni hadi hopa na kurudi bila kugusa kamba wala kuhitaji mkono wako.

## Hatua ya 4: Chimba msingi na upe maji mwelekeo

Ondoa majani na udongo wa juu kwa kina cha sentimita 15. Uhifadhi kwenye turubai. Ukishachambuliwa mizizi utatumika kujaza tuta la barabara na miinuko ya chini.

Sasa lainisha sakafu ya shimo ili iteremke upande mmoja kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Funga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, isawazishe kwa pimamaji, halafu pima kushuka kutoka kwenye kamba. Macho hudanganya hapa, hasa kama ua wenyewe una mwinamo.

Upande wa chini chimba mtaro wa kina cha sentimita 15 zaidi, utoke nje ya uwanja hadi mahali maji yanapoweza kwenda bila kumsumbua jirani.

Shindilia sakafu. Usipofanya hivyo itazama yenyewe kwa viraka mvua zikianza, na kila kiraka kitakuwa bakuli la maji.

## Hatua ya 5: Funga ukingo

Unganisha mbao kwa skrubu ndefu zisizoshika kutu, na upige vigingi vya mbao nje kila baada ya mita moja. Udongo wenye maji husukuma kwa nguvu, na mbao zisizo na vigingi hutoka tumbo katikati.

Usitumie mataruma ya reli ya zamani wala mbao zilizotiwa dawa usiyoijua. Mataruma hulowekwa kwenye kreosoti, dawa ya mbao yenye sumu, na baadhi ya mbao za zamani zina sumu ya aseniki. Mikono yako na ya watoto itakuwa kwenye udongo huo kila siku.

## Hatua ya 6: Tandika tabaka za kupitisha maji, kisha uzijaribu

Mpangilio kutoka chini kwenda juu:

1. Jiotekstaili ya kwanza, ikipanda kidogo kwenye kuta za ukingo. Hii huzuia kokoto kuzama kwenye ardhi.
2. Bomba lenye matundu ndani ya mtaro, matundu yakitazama chini. Maji hupanda kutoka chini ya mtaro na kuingia, na taka hazianguki ndani kutoka juu.
3. Kokoto, unene wa sentimita 8, zikifunika bomba pia.
4. Jiotekstaili ya pili, mapishano yasiyopungua sentimita 20.

Wengi huweka karatasi ya nailoni badala ya jiotekstaili ya pili kwa sababu inapatikana kirahisi. Nailoni hairuhusu maji kupita, na uwanja mzima unakuwa beseni. Wengine huacha kabisa kitambaa cha juu. Udongo laini hushuka taratibu, hujaza nafasi kati ya kokoto, na mfereji wako unakufa bila wewe kuona.

Kabla ya kuongeza udongo, mwaga ndoo nne au tano za maji kwa haraka upande wa juu. Nenda ukakae kwenye mdomo wa bomba. Maji yaanze kutoka baada ya dakika chache, na nusu saa baadaye kusiwe na dimbwi lolote juu ya kitambaa. Likibaki dimbwi, fungua hapo, rekebisha mwinamo, funga na ujaribu tena. Kosa hili likifunikwa na tani mbili za udongo, hutalifikia tena kwa urahisi.

## Hatua ya 7: Tengeneza udongo wa kuchimba

Hapa ndipo pana utamu wote, na ndipo palipo na makosa mengi zaidi.

Mchanga mtupu wa mtoni una chembe za duara. Ukikauka, chembe zinaviringika juu ya nyingine: ukuta hausimami, barabara haishiki, na mchanga huo huo unaingia kwenye kila pengo la cheni. Ukilowa unasimama wima vizuri, lakini ukikauka unaporomoka bila onyo. Mfinyanzi mtupu una tabia ya kinyume. Unanata kwenye baketi hadi haumwagiki, na ukikauka unakuwa mgumu kuliko nguvu ya mota zako.

Unachotaka ni udongo wa kichanga wenye mfinyanzi kiasi: mchanga asilimia 60 hadi 70, mfinyanzi asilimia 10 hadi 20, na kilichobaki kiwe udongo laini wa katikati, ambao chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga na kubwa kuliko za mfinyanzi.

Kipimo cha chupa. Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo kwa udongo uliochekechwa. Ongeza maji hadi karibu ijae, na tone la sabuni ya vyombo. Itikise kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iweke mezani usiiguse. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi: weka alama. Udongo wa katikati hutua ndani ya saa mbili: weka alama ya pili. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka na ugawanye kwa jumla. Mchanga ukizidi, ongeza udongo wenye mfinyanzi. Mfinyanzi ukizidi, ongeza mchanga. Rudia hadi ukaribie kiwango.

Kuchekecha. Pitisha udongo wote kwenye chekecheke la milimita 5, na uulowanishe kidogo kwanza ili usipumue vumbi. Sababu ya kujipa kazi hii ni skeli. Jiwe la sentimita 2, ambalo kwa mkono ni dogo, mbele ya ekskaveta yako ni mwamba wa sentimita 28. Likikwama kati ya cheni na gurudumu la kuendeshea, kitu kimoja kitavunjika. Mawe yaliyobaki kwenye chekecheke yasitupwe, yatafaa kama miamba ya kupakia kwa makusudi.

Unyevu. Chukua udongo kiganjani, ukamate kwa nguvu, kisha ufungue vidole. Ukipukutika, ni mkavu. Ukiacha maji au tope kwenye ngozi, umelowa mno. Sahihi ni donge linalobaki na alama za vidole vyako, na ukiligusa kwa kidole gumba linapasuka vipande viwili visafi. Udongo wa namna hiyo hukatwa na meno ya baketi kwa mstari safi, hujaa kwa kurundikana juu ya midomo ya baketi, na humwagika wote mara moja ukifungua. Ukishauona ukifanya hivyo hutakubali tena kuchimba mchanga mkavu.

Maji yaongezwe kwa chupa ya kunyunyizia, jioni ya kabla ya mchezo. Udongo unahitaji usiku mzima kusambaza unyevu.

Tandaza udongo kwa unene wa sentimita 20 eneo la machimbo na yadi. Ukuta wa kuchimbia ujenge kwa tabaka za sentimita 5, kila moja ukiishindilia kidogo tu. Ukishindilia sana, mashine ya plastiki haitaingiza meno.

## Hatua ya 8: Jenga barabara

Barabara haijengwi kwa udongo wa kuchimba. Inajengwa kwa vumbi la mawe. Chembe za jiwe lililosagwa zina kona kali zinazoshikana, na ule unga wake hujaza mapengo, kwa hiyo likishindiliwa likiwa na unyevu hushika kuliko mchanga wowote.

Inua tuta kwa udongo ulioutoa kwenye msingi, ukilishindilia kila sentimita 5. Pande za tuta ziwe na mwinamo wa upole: kwa kila sentimita 10 za kimo, ziende sentimita 15 nje. Pande za wima huanguka kwenye mvua ya kwanza.

Juu ya tuta weka vumbi la mawe sentimita 3, nyunyizia maji, shindilia. Weka sentimita 3 nyingine, shindilia tena. Katikati ya barabara pawe juu ya kingo: kwa upana wa sentimita 65, sentimita 1 inatosha. Hapo maji yatashuka pembeni badala ya kukaa kwenye njia za tairi.

Upande wa nje wa kila mwinuko weka kingo ya udongo yenye kimo cha nusu ya tairi. Machimbo hufanya hivyo kuzuia malori yasiporomoke, na itakuokolea tipa siku ambayo mawimbi ya rimoti yatakatika.

Acha barabara ikae siku mbili bila kupitwa. Kisha pitisha tipa tupu, halafu yenye nusu ya mzigo, halafu yenye mzigo kamili. Tairi zikiacha alama ya milimita chache tu, barabara imeiva. Zikizama zaidi ya nusu sentimita, nyunyizia na ushindilie upya. Mashine zenye cheni za chuma zipewe njia yake zenyewe, kwa sababu hukwangua barabara ya tairi kila zinapogeuka.

## Hatua ya 9: Hopa, daraja, na bwawa

Hopa inatengenezwa kwa mbao nyepesi au bati, kuta zake zikiwa na mwinamo wa nyuzi 60 au zaidi, kwa sababu udongo wenye unyevu hauteremki kwenye mwinamo mdogo. Mdomo wa chini uwe sentimita 8 au zaidi. Mbele ya hopa funga kipande cha mbao cha kusimamisha tairi za nyuma za tipa.

Daraja lijaribiwe kwa uzito wa mara mbili ya tipa iliyojaa, usiku mzima, kabla ya mashine yoyote kupita.

Bwawa sishauri kwa anayeanza. Kama lazima liwepo, liwe na kizibo cha kumwaga maji na limwagwe kila baada ya mchezo. Kwenye joto, wiki moja hivi inatosha yai la mbu kuwa mbu anayeruka. Tena, bwawa lenye kina cha sentimita 10 kwa mashine ya 1:14 ni maji ya mita 1.4, na risiva (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti) na vidhibiti vya mota vingi havikuundwa kuzama.

## Hatua ya 10: Umeme, betri na mawimbi

Taa za uwanja ziwe za volti 12, transfoma ikae ndani ya nyumba. Kama waya wa umeme mkubwa lazima ufike nje, uwe nyuma ya swichi ya usalama ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja.

Betri za lipo (lithiamu-polima) zichajiwe juu ya saruji au kigae, kwa chaja yake, na mtu akiwepo. Usichaji betri iliyotoka kazini ikiwa bado na joto. Usiishushe chini ya volti 3.0 kwa seli. Kama hutacheza kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 hivi. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inawasha mashine.

Rimoti nyingi za sasa hutumia gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hudhoofishwa na udongo wenye maji. Antena ya risiva ikae juu ndani ya kibanda cha dereva, isilale chini ya chesisi. Kisha fanya jaribio hili kabla ya mchezo wa kwanza: inua mashine juu ya kipande cha mbao ili magurudumu yasiguse chini, iendeshe, na uzime rimoti ghafla. Mashine lazima isimame papo hapo. Ikiendelea kuzunguka, usiishushe uwanjani hadi urekebishe mpangilio wa risiva. Kila siku, rimoti iwashwe kwanza na izimwe mwisho.

## Hatua ya 11: Usafi baada ya kila mchezo

Piga brashi kavu kwenye cheni na tairi, kisha upulizie upepo kutoka ndani kwenda nje. Ukipulizia kutoka nje unasukuma mchanga kwenye beringi.

Usipake grisi kwenye cheni na gia zilizo wazi. Grisi hukamata mchanga na kuwa msasa unaokula meno ya gia. Tumia kilainishi kikavu cha grafiti. Grisi ibaki ndani ya giaboksi zilizofungwa.

Mashine za haidroli zina hatua moja ya ziada: futa vyuma vinavyong'aa vya silinda kwa kitambaa safi kabla ya kuvirudisha ndani. Chembe moja ya mchanga inatosha kukata sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, na ukiona mafuta kwenye chuma siku inayofuata, tayari imekata.

Ukisikia cheni ikisaga, simama hapo hapo. Jiwe likitolewa mapema halijaharibu kitu.

## Hatua ya 12: Funika na utunze

Turubai lisilale juu ya udongo. Weka fito katikati ili maji yateremke nje, na acha upenyo mdogo pembeni upepo upite, la sivyo ukungu utaota. Usiruke siku hata moja. Paka huona udongo laini kama choo, na kinyesi chao kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari hasa kwa mama mjamzito. Unapofunua asubuhi, inua kwa fimbo kwanza: nge na nyoka nao hupenda kivuli hicho.

Baada ya mvua kubwa subiri siku moja kabla ya kuingiza tipa, hata kama juu panaonekana pakavu. Jaribu kwa kidole gumba kwenye barabara. Kikizama, bado. Mashimo ya barabara usiyafunike juu juu: kwangua hadi sehemu ngumu, jaza vumbi la mawe lenye unyevu, shindilia.

Udongo wa kuchimba hupungua kwa upepo, kwa kubebwa na tairi, na kwa kushuka pembeni ya ukingo. Hifadhi gunia moja au mawili yaliyochekechwa mahali pakavu na uongeze sentimita 2 au 3 panapoonekana pamepungua. Kabla ya msimu wa mvua, safisha mdomo wa bomba na umwage ndoo mbili upande wa juu. Maji yakichelewa kutoka, ingiza waya mrefu wenye brashi kupitia mdomoni, usukume hadi uguse mwisho, na usukutue kwa mpira wa maji hadi yatoke meupe.